Kuwasha upya seva ya nyumbani bila kupoteza kumbukumbu

Siku hizi familia nyingi, vikundi na ofisi ndogo huhifadhi kumbukumbu zao katika kompyuta moja inayokaa pembeni mwa chumba na kufanya kazi usiku na mchana. Kompyuta hiyo huitwa seva. Ndani yake mna picha za wazazi waliokwisha kufariki, vyeti vya watoto, hata daftari la kikundi cha kuweka na kukopa. Vitu hivi haviuzwi dukani.

Watu wengi huogopa siku ya kuboresha mfumo wa seva. Lakini mara nyingi matatizo hujitokeza baadaye, pale seva inapozimwa na kuwashwa tena. Diski iliyochoka inaweza kuzunguka miezi mingi bila kusimama, kisha ikizimwa isiamke. Pia kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, huanza kutumika pale tu seva inapowashwa upya.

Mfano wetu ni seva ya Debian iliyotoka toleo la 12 la mwaka 2023 kwenda toleo la 13, lililotolewa Agosti 2025. Ina diski mbili zinazobeba data ile ile, mpango unaoitwa RAID 1. Amri zilizotajwa hapa hutolewa na msimamizi wa seva, yaani root.

Diski mbili si nakala ya akiba

Diski moja ikifa, nyingine huendelea na kazi. Hiyo ndiyo faida ya RAID 1. Lakini ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Radi ikipiga, zote zimo katika sanduku moja. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, nakili data kwenye diski ya nje, fungua mafaili machache uone kama yanasomeka, kisha ichomoe. Kama huna nakala hiyo, usiwashe upya leo.

Kabla ya kuwasha upya

1. Angalia afya ya diski. Andika cat /proc/mdstat. Ukiona [UU], diski zote mbili zipo kazini. Ukiona [U_] au [_U], diski moja imeondoka, ishughulikie kwanza. Ukiona asilimia inayopanda, diski zinalinganishwa. Subiri zimalize. Kisha andika smartctl -H /dev/sda, halafu sdb, kupata taarifa ya kila diski. Majina ya diski zako yanaweza kuwa tofauti.

2. Hakikisha kazi ya kuboresha imekamilika. Andika dpkg --audit. Isipotoa jibu lolote, hakuna programu iliyowekwa nusunusu.

3. Angalia sehemu ya /boot. Andika df -h /boot uone kama imejaa, kisha ls /boot. Kila faili la vmlinuz linapaswa kuwa na mwenzake wa initrd.img mwenye namba ile ile. Toleo la 13 hutumia kerneli ya 6.12. Iache ile ya zamani ya 6.1 ibaki, na usitoe amri ya apt autoremove kwanza. Kerneli mpya ikikataa, ya zamani ndiyo mlango wako wa kurudi.

4. Kagua orodha ya diski zinazofunguliwa wakati wa kuwaka. Andika findmnt --verify. Katika faili la /etc/fstab, itambulishe kila sehemu ya data kwa UUID yake. Majina kama /dev/sda yanaweza kubadilishana seva inapowaka tena.

5. Kaa karibu na seva. Katika toleo la 13 jina la kadi ya mtandao linaweza kubadilika, na ukiwa mbali hutaweza kuingia tena. Unganisha skrini na kibodi. Waambie wenzako waache kutumia seva. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, tumia betri ya akiba.

Wakati wa kuwasha upya

Andika reboot, kisha ngoja. Usibonyeze swichi wala kuchomoa waya. Baadhi ya data bado iko kwenye kumbukumbu ya muda na haijaandikwa kwenye diski. Mfumo unaweza kungoja sekunde 90 au zaidi ili programu moja ifunge kazi yake. Skrini ikikaa kimya, si lazima iwe imekwama. Mpe mgonjwa muda wa kuamka.

Kama kerneli mpya haiwaki, washa tena, na katika orodha ya GRUB chagua sehemu ya chaguo za ziada, kisha kerneli ya zamani.

Baada ya kuwaka

Hapa ndipo wengi hufanya haraka. Wakiona mtandao umerudi, wanaanza kazi. Kumbuka kwamba sehemu ya data ikiwekewa neno nofail katika fstab, seva huwaka hata kama data haikufunguka. Watu wataona folda tupu na kudhani kila kitu kimefutika. Baya zaidi, programu zitaanza kuandika ndani ya folda hiyo tupu, yaani kwenye diski ya mfumo.

- Rudia cat /proc/mdstat. Tafuta [UU].
- Andika findmnt na jina la folda yako, kwa mfano findmnt /srv/picha. Isipotoa jibu, data haijafunguliwa.
- Fungua picha ya zamani na waraka wa wiki hii.
- Andika uname -r uone kerneli inayotumika.

Yote yakiwa sawa, waruhusu wengine kuingia. Folda ikiwa tupu, usinakili kitu ndani yake na usiiumbize diski upya. Mara nyingi data bado ipo, inangoja kufunguliwa tu.

Maswali ya kujadili

- Seva yetu ikikataa kuwaka kesho, nakala yetu nyingine iko wapi, na ni ya tarehe gani?
- Ni nani kati yetu, zaidi ya mtu mmoja, anayejua hatua hizi?
- Je, tumeziandika hatua hizi kwenye karatasi? Mwongozo uliomo ndani ya seva hausomeki seva ikizimika.