Akili Ikiitumikia Imani: Maswali na Majibu Juu ya Mtakatifu Thoma wa Akwino

Maswali yafuatayo ni yale ambayo aghalabu waumini huyauliza kila itajwapo falsafa katika mazungumzo ya dini. Majibu yake nimeyajenga juu ya mtu mmoja, Mtakatifu Thoma wa Akwino, mtawa wa Shirika la Wadominiko aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Paris karne ya 13, kwa kuwa ndiye aliyetuonyesha vizuri zaidi namna akili iwezavyo kuitumikia imani pasipo kuivunjia heshima.

Swali: Tunayo Maandiko Matakatifu na Mapokeo ya Kanisa. Falsafa ya nini tena?

Jibu: Thoma alilijibu hili mwanzoni mwa Summa contra Gentiles, kitabu alichoanza kukiandika yapata mwaka 1259. Alisema kwamba ukijadiliana na Myahudi waweza kutoa hoja katika Agano la Kale, na ukijadiliana na Mkristo mzushi waweza kushika Agano Jipya, bali kwa asiyekubali hili wala lile huna budi kurejea kwenye akili, ambayo kila mwanadamu amejaliwa. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi, maana barazani, waketipo Mkristo na Mwislamu juu ya mkeka mmoja, kumsomea mwenzio aya ya kitabu asichokiamini ni kumfungia mlango ilhali yeye yu tayari kusikiliza.

Swali: Je, si hatari kuazima hekima ya wasio Wakristo?

Jibu: Hatari ipo kwa aazimaye pasipo kupima. Aristotle alikuwa Myunani aliyeishi kabla ya Kristo, na vitabu vyake vingi viliwafikia wanazuoni wa Ulaya pamoja na fafanuzi za Waislamu. Kwa Ibn Sina, mmoja wa Waislamu hao, aliyefariki mwaka 1037, Thoma alijifunza kupambanua baina ya kitu ni nini na kitu kuwapo. Naye Ibn Rushd wa Cordoba, Mwislamu mwingine, Thoma alimheshimu hata akamwita kwa lakabu ya Mfafanuzi, ila mwaka 1270 akaandika kitabu kizima kuipinga fikira iliyonasibishwa naye, ya kwamba wanadamu wote wanashiriki akili moja tu. Kupokea lililo kweli na kukataa lililo kosa, hata kama yote mawili yametoka kwa mtu yule yule, ndiyo adabu ya elimu. Wala njia hiyo haikuwa nyepesi, kwani mwaka 1277, miaka 3 baada ya kufa kwake, Askofu wa Paris alizipiga marufuku kauli 219 za kifalsafa, na baadhi yake zilikaribiana na mafundisho ya Thoma. Hata hivyo mwaka 1323 Kanisa likamtangaza kuwa mtakatifu.

Swali: Tupe mfano wa hoja yake.

Jibu: Itazame taa iwakayo mbele ya tabernakulo, ikiwa imening'inizwa kwa mnyororo. Pete ya chini imeshikwa na pete iliyo juu yake, na hiyo nayo imeshikwa na nyingine, wala hakuna hata moja ishikayo kwa nguvu zake yenyewe. Ongeza pete 100, ongeza 1,000, taa itaanguka sakafuni isipokuwa juu kabisa pana kitu kishikacho pasipo kushikwa. Vivyo hivyo Thoma, katika njia zake tano za kuthibitisha kuwako kwa Mungu, huanza na mambo tunayoyaona kwa macho, kwamba vitu hugeuka, hutokea na kutoweka, akaonyesha kwamba kuwapo kwao ni kwa kuazima, na cha kuazima hakikosi mwenyewe. Angalia vema kwamba haulizi pete ya kwanza ilifungwa lini, bali auliza ni nini kiushikacho mnyororo sasa hivi. Na wengi wadhanio wameibatilisha hoja hii hawajafika hapo.

Swali: Basi, kila fundisho la Kanisa laweza kuthibitishwa kwa akili?

Jibu: La, hasha. Utatu Mtakatifu na Umwilisho ni mafumbo ambayo akili haiyafikii kwa nuru yake yenyewe. Hata kwamba ulimwengu una mwanzo, Thoma alilishika kwa imani, akazikataa hoja za Wakristo wenziwe waliodai kulithibitisha, akionya kwamba hoja dhaifu humpa asiyeamini sababu ya kucheka, akidhani kuwa imani yetu imesimama juu yake. Kazi ya falsafa hapo ni kuondoa vikwazo. Mathalani, mtu akisema kwamba fundisho la Ekaristi ni muhali kwa kuwa ladha na rangi ya mkate hazibadiliki, falsafa itamjibu kwamba kiini cha kitu si sawa na sura zake za nje, basi kubaki kwa sura si ushahidi kwamba kiini hakikugeuka. Kikwazo kimeondoka, lakini kuamini kwenyewe kwategemea neno la Kristo.

Swali: Nasi walei tufanyeje?

Jibu: Waseminari husoma falsafa kwanza ndipo teolojia, nasi Tanzania tunazo seminari za Kibosho na Ntungamo kwa kazi hiyo, lakini adabu ya Thoma yaweza kushikwa na mwanajumuiya yeyote. Katika kitabu chake Summa Theologiae kila suala hufunguliwa kwa hoja za wapinzani, na katika lile liulizalo kama Mungu yupo, hoja ya kwanza aliyoiandika ni ile nzito kuliko zote, ya kuwapo kwa uovu, wala hakuipunguza makali. Kwa hiyo nakusihi, ndugu msomaji, kabla hujamjibu jirani yako, ieleze hoja yake mpaka yeye mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyokusudia. Ukishafika hapo, mjibu kwa upole lile ulijualo. Na usilolijua, sema hulijui, ukaulize kwa wajuao, kisha umrudie na jawabu.