Mbwa Anapoburura Makalio: Chanzo Huenda Kiko Sahanini

Mbwa wa ulinzi anaketi sakafuni, ananyanyua miguu ya nyuma na kujiburura kwa makalio. Baadaye anajilamba chini ya mkia bila kukoma, na mahali alipolala pananuka kama samaki aliyeoza. Katika nyua za Tudor, Ganjoni na Kizingo, na hata Mji wa Kale ambako paka ni wengi kuliko mbwa, jibu huwa lile lile: "Ana minyoo, mpe dawa." Dawa hununuliwa, wiki mbili hupita, na mbwa huanza tena.

Minyoo ni sababu mojawapo tu. Mara nyingi tatizo liko kwenye tezi, na nyuma ya tezi kuna jambo jingine, likiwemo chakula. Somo hili linaeleza jinsi mwenye mbwa anavyoweza kutafuta chanzo hatua kwa hatua.

Tezi hizo ni zipi?

Kila mbwa ana vifuko viwili vidogo kando ya njia ya haja kubwa. Njia hiyo ikifananishwa na uso wa saa, vifuko hukaa penye nambari 4 na nambari 8. Ndani yake mna majimaji yenye harufu kali, ambayo mbwa huyatumia kujitambulisha kwa wenzake.

Choo kilichoshikana vizuri kinapopita, hukandamiza vifuko na majimaji hutoka. Choo kikiwa laini mno kwa muda mrefu, vifuko havikandamizwi. Majimaji huwa mazito, huziba, na mwisho huweza kufanya usaha. Ngozi iliyovimba kwa sababu ya mzio nayo huweza kubana mlango wa vifuko, na mbwa mnene kupita kiasi hupata shida hii kwa urahisi zaidi.

Ndiyo maana kukamua tezi kila mwezi hakutoshi. Ni kufuta maji sakafuni huku bomba likivuja.

Hatua ya kwanza: viroboto na minyoo

Joto na unyevu wa Mombasa huwapa viroboto nafasi mwaka mzima. Kuumwa na viroboto huwasha sana kiunoni na karibu na mkia. Pia mbwa akimeza kiroboto aliyebeba tegu, hupata mnyoo huyo, na vipande kama punje za mchele huonekana chini ya mkia au kwenye choo. Dawa ya minyoo bila dawa ya viroboto haifiki mbali, kwa kuwa tegu hurudi. Mahali anapolala mbwa pafagiwe na matandiko yake yafuliwe.

Hatua ya pili: chakula

Mbwa wengi wa kisiwani hula mabaki ya jikoni. Mafuta mengi ya pilau na mchuzi wa tui huweza kulainisha choo. Vitunguu maji na vitunguu thomu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa matumbo. Vyakula hivi viondolewe kwanza. Boga kidogo lililochemshwa bila chumvi husaidia choo kushikana.

Ikiwa mbwa bado anajikuna mwaka mzima, analamba nyayo na masikio yake huuma mara kwa mara, mzio wa chakula unashukiwa. Vyakula vinavyoleta mzio zaidi kwa mbwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Vipimo vya damu, mate au nywele haviaminiki kwa kazi hii. Njia ya kutegemewa ni jaribio la chakula:

1. Huchaguliwa nyama ambayo mbwa hajawahi kula, kwa mfano sungura, pamoja na viazi vitamu. Nyama ya mbuzi au kondoo huenda isifae kwa mbwa aliyezoea ng'ombe, kwa sababu zinakaribiana.
2. Kwa wiki 8 hali kitu kingine chochote. Kipande kimoja cha mkate kutoka kwa mtoto au mlinzi huweza kuharibu jaribio zima, kwa hiyo nyumba nzima iambiwe.
3. Akipata nafuu, hurudishiwa chakula cha zamani. Mwasho ukirejea ndani ya wiki 2, mzio umethibitika.

Zaidi ya mbwa 9 kati ya 10 wenye mzio wa chakula huonyesha nafuu ndani ya wiki hizo 8. Mbwa mdogo anayekua asianzishiwe jaribio hili bila ushauri wa daktari wa mifugo, kwani chakula hicho hakina madini yote anayohitaji.

Wakati wa kumwona daktari wa mifugo

Mbwa apelekwe mara moja akiwa na uvimbe mwekundu kando ya njia ya haja, damu au usaha, homa, au akilia anapojisaidia. Uvimbe mgumu kwa mbwa mzee uchunguzwe, kwani huenda ni saratani. Wakati wa kusubiri, kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu huwekwa juu ya uvimbe kwa dakika 10. Asikamuliwe na mtu asiyefundishwa, na asipakwe mafuta ya taa wala pilipili. Dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofeni na diklofenaki ni sumu kwake.

Inamhusu jirani pia

Mbwa mwenye maumivu nyuma huuma anayemgusa, hata mtoto aliyemzoea, na vichochoro vya kisiwa ni vyembamba. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kenya ililenga tangu 2014 kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na chanjo ya mbwa kila mwaka ndiyo msingi wa lengo hilo.

Mbwa anayenuka mara nyingi hufukuzwa uani na kuachwa barabarani, akiwa na maumivu na bila chanjo. Kabla ya kufika huko, sahani yake ichunguzwe.