Makao ya Wazee: Familia Ipime Vipi Ubora wa Huduma

Familia nyingi husita kumpeleka mzazi kwenye makao ya wazee kwa kuogopa maneno ya majirani. Lakini watoto wako kazini mjini, wengine ng'ambo, na mzee aliyepooza au mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi kuachiwa mtoto wa shule. Uamuzi ukishafanywa, linabaki swali kama mzee atatunzwa ipasavyo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kwamba wanapata matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Kwa hivyo kazi ya familia haiishii langoni siku ya kumpeleka.

Mnamo 1966, Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, alieleza kwamba ubora wa matibabu hupimwa kwa kutazama mambo matatu: mahali na vifaa, jinsi kazi inavyofanywa, na matokeo kwa mgonjwa. Mpango huo unafaa hata kwa familia isiyo na daktari.

Jambo la kwanza ndilo rahisi, na ndilo huwapotosha wengi. Vigae vinavyong'aa si huduma, na sakafu iliyong'arishwa sana humtelezesha mzee. La maana ni kama choo kina vyuma vya kujishikilia, kama kiti cha magurudumu kinapita mlangoni, na kama mlango wa dharura unafunguka. Muuguzi awe amesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, tena leseni yake iwe haijaisha muda. Kisha iulizwe idadi ya wahudumu wa zamu ya usiku, kwa maana ya mchana husemwa bila kuulizwa.

Jinsi kazi inavyofanywa huhitaji macho zaidi. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, na kila mara huandikwa kwenye karatasi iliyo karibu na kitanda. Mgeni anaweza kuomba kuiona. Ikiwa ni saa nne asubuhi na karatasi imekwisha kujazwa hadi saa kumi na mbili jioni, basi hiyo si kumbukumbu, ni mapambo. Karatasi ya dawa nayo ionyeshe jina la dawa, kipimo, saa na sahihi ya aliyeitoa. Mzee aliyekuwa mchangamfu akigeuka kuwa mtu wa kusinzia mchana kutwa, familia iulize ameanzishiwa dawa gani, na nani aliyeiandika.

Wakati wa chakula hufichua mengi. Sahani iliyowekwa mahali mzee hafikii, kisha ikaondolewa ikiwa imejaa, huhesabiwa kuwa mlo. Wapo pia wahudumu wanaowanyima wazee maji jioni ili wasilowanishe matandiko, ilhali mzee husikia kiu kidogo kuliko kijana na hukaukiwa upesi. Ulimi mkavu na mkojo mweusi ni dalili za kutazamwa. Na kama mzee anazungumza lugha ya mama pekee, ni nani hapo anayeielewa? Asiyeeleweka hawezi kuomba hata maji.

Kwa upande wa matokeo, mizani husaidia. Mzee wa kilo 60 akipoteza kilo 3 kwa mwezi, au kilo 6 kwa miezi sita, bila kukusudia, anapaswa kuonwa na daktari. Vidonda vya kulalia huanzia kwenye visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane, hivyo itazamwe sehemu iliyozidi weusi, na iguswe kama ina joto au imekuwa ngumu. Hata hivyo kidonda peke yake hakithibitishi uzembe, kwani wengine hutoka nacho nyumbani au hospitalini. Ndiyo maana siku ya kupokelewa mwili wa mzee ukaguliwe na pande zote mbili, na yaliyoonekana yaandikwe. Makao yanayodai kwamba hakuna mzee aliyewahi kuanguka yana uwezekano mkubwa wa kuwa hayaandiki.

Familia itembelee saa tofauti: Jumapili moja, jioni nyingine wakati wa chajio. Mzee azungumzwe naye faraghani, kwa maana anajua kwamba wageni wakiondoka yeye atabaki na watu wale wale. Akiulizwa kama anatunzwa vizuri, atajibu "vizuri tu". Akiulizwa, "Jana usiku ulipoita, nani alikuja?" jibu huwa na uzito zaidi.

Pesa nazo zifuatiliwe. Shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, kwa waliosajiliwa wenye miaka 70 na zaidi, ni mali ya mzee hata akiwa kwenye makao. Ijulikane ni nani anayezichukua na kitambulisho chake kimewekwa wapi.

Lalamiko la kwanza lipelekwe kwa msimamizi, kwa maandishi yenye tarehe, na nakala ibaki na familia. Lisiposikizwa, lifikishwe kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Uchafu wa jikoni na vyoo ni kazi ya afisa wa afya ya umma, na mwenendo wa muuguzi huripotiwa kwa Baraza la Wauguzi. Mzee akiwa amepigwa au ana majeraha yasiyoelezeka, apelekwe hospitali kwanza, kisha ripoti iandikishwe polisi na fomu ya P3 ichukuliwe ijazwe na mhudumu wa afya.