Kiti cha umeme kikigoma

Gari la mtumba lililoshukia bandari ya Kilindini, Mombasa, likawa linalala kando ya bahari Mji wa Kale, huingiwa na chumvi hadi chini ya viti. Usikimbilie kununua mota. Washa taa ya ndani, kisha bonyeza swichi ya kiti. Taa ikififia, umeme unafika. Huenda reli imejaa mchanga au mota imekwama. Isipofifia, kagua fyuzi, halafu plagi iliyo chini ya kiti: kutu ya kijani ndiyo ninayoishuku kwanza hapa kisiwani. Swichi ikiwa imebonyezwa, pima kwa mita. Volti 12 zikifika kwenye mota nayo haizunguki, mota imekufa. Plagi za manjano ni za mifuko ya hewa ya usalama. Hizo usizipime kamwe, wala usizichomoe kabla ya kutenganisha betri na kusubiri dakika kadhaa.