Jina la mabuyu ni la wote: Unachoweza kusajili na usichoweza

Takaungu, kama ilivyo katika miji mingi ya Pwani, mabuyu, mahamri, viazi karai na achari ya embe ni biashara zinazolisha nyumba nyingi. Baadhi ya bidhaa hizi sasa zinafungwa kwenye pakiti na kusafirishwa hadi Mombasa na Nairobi. Hapo huzuka swali: je, mfanyabiashara mmoja anaweza kusajili jina "Mabuyu" likawa lake peke yake, na wengine wakazuiwa kulitumia?

Jibu ni hapana. Makala haya yanaeleza sababu zake, na njia halali ya kulinda biashara yako.

Alama ya biashara ni nini?

Alama ya biashara ni neno, mchoro au vyote viwili, vinavyomwezesha mnunuzi kutofautisha bidhaa ya muuzaji mmoja na ya mwingine. Nchini Kenya husajiliwa na Taasisi ya Miliki ya Viwandani (KIPI), chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506. Usajili hudumu miaka 10 na unaweza kuhuishwa tena na tena. Mwenye alama anaweza kumshtaki anayeitumia bila ruhusa.

Leseni ya biashara ya kaunti au cheti cha usajili wa jina la biashara si alama ya biashara. Jirani akikuonyesha karatasi hizo na kudai kuwa huruhusiwi kuuza mabuyu kwa jina hilo, dai lake halina msingi.

Kwa nini jina la chakula halisajiliwi

Kwanza, halimtambulishi mwenye bidhaa. Mtoto akitumwa dukani kununua mabuyu, neno hilo linamwambia muuza duka ni bidhaa gani inayotakiwa. Halimwambii ni mabuyu ya nani. Kifungu cha 12 cha sheria hiyo kinataka neno lisiwe linaeleza moja kwa moja aina au sifa ya bidhaa.

Pili, ni suala la haki. Kama mtu mmoja angemiliki neno "mahamri", wapishi wengine wote wangelazimika kuandika "maandazi ya nazi na iliki" kwenye pakiti zao. Wangenyimwa neno ambalo wateja wao wamelijua tangu utotoni.

Majina ya mahali nayo yana sharti lake. Neno "Takaungu" peke yake halisajiliwi kwa urahisi kwa mtu mmoja, kwa kuwa kila anayetengeneza bidhaa zake huko ana haki ya kusema zinatoka huko.

Kubadilisha herufi hakusaidii

Mwaka wa 2006, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "KIKOY" nchini humo. Herufi moja tu ndiyo iliyobadilishwa. Kama ombi hilo lingefaulu, wauzaji wa vikoi kutoka Kenya wangeweza kuzuiwa kutumia jina la vazi lao katika soko la Uingereza. Pingamizi liliwekwa kwa niaba ya wafanyabiashara wa Kenya, na kufikia mwaka wa 2008 ombi hilo likawa limeachwa.

Afrika Kusini ilipata taabu zaidi. Jina "rooibos", linalotumika kwa chai ya mmea wa nchi hiyo, lilisajiliwa Marekani mwaka wa 1994. Usajili huo uliachwa mwaka wa 2005, baada ya mvutano mrefu wa kisheria. Funzo ni kwamba kupinga ombi mapema ni rahisi kuliko kufuta jina lililokwisha kusajiliwa.

Hapa Kenya, maombi yaliyokubaliwa hutangazwa kabla ya kusajiliwa, na mwenye pingamizi ana siku 60 za kuliwasilisha. Jina likishasajiliwa kimakosa, anayeathirika bado anaweza kuomba liondolewe.

Unachoweza kusajili

Tuseme kikundi cha akina mama Takaungu kinatengeneza mabuyu na kuyaita "Kima Mcheshi", pamoja na mchoro wa kima aliyeshika buyu. Maneno "Kima Mcheshi" hayaelezi mabuyu ni nini. Yanatambulisha watengenezaji. Ikiwa hakuna aliyewatangulia kwa alama inayofanana nayo, kikundi kinaweza kuomba kuisajili. Neno "mabuyu" linaweza kubaki kwenye pakiti, lakini kikundi hakitakuwa na haki ya kumzuia mwingine kulitumia.

Watengenezaji wengi wakitaka kulinda sifa ya mji wao kwa pamoja, sheria inaruhusu alama ya pamoja. Alama hiyo humilikiwa na chama, na inaweza kuwa na jina la mahali. Wanachama hukubaliana kanuni za ubora, na anayezifuata ndiye anayeitumia. Wasusi wa vikapu wa Taita walitumia njia hiyo kulinda vikapu vyao.

Hatua za kufuata

1. Chagua jina lisiloeleza chakula chenyewe wala sifa yake. "Mabuyu Matamu" ni maelezo tu.
2. Omba KIPI ikufanyie upekuzi kujua kama jina hilo limeshachukuliwa. Fanya hivyo kabla ya kuchapisha pakiti, usije ukalazimika kuzitupa.
3. Wasilisha ombi ukitaja kundi la bidhaa. Mikate na maandazi yako kundi la 30, achari kundi la 29.
4. Ombi likikubaliwa, litatangazwa. Siku 60 zikipita bila pingamizi, usajili huendelea.
5. Itumie alama yako. Isipotumika kwa miaka 5 mfululizo, mtu mwingine anaweza kuomba ifutwe.

Wakazi wanakumbushwa kuwa alama ya biashara haithibitishi ubora wa chakula. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango (KEBS) na cheti cha afya cha mpishi hutafutwa kando.