Darsa la Ramadhani, siku ya 17: Mswala wa ukutani



Leo tuanzie Uturuki. Miji ya Gördes, Kula na Ladik ilisifika zamani kwa miswala ya sufu iliyofumwa kwa mkono, fundo kwa fundo, na kuchorwa mihrabu katikati. Siku hizi wakusanyaji wa vitu vya kale wanaitafuta kwa pesa nyingi. Wanatazama umri, rangi na mafundo. Mwaka 1922 Mmarekani James F. Ballard alilipa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, mazulia yake, miswala ya Kituruki ikiwemo. Na kule Brașov, Romania, miswala ya namna hiyo imetundikwa ndani ya kanisa.

Imetunzwa vizuri, hilo tuwashukuru. Lakini mswala ukishapanda ukutani, hakuna tena paji la uso linaloufikia.

Tusiwacheke. Wangapi hapa Nyamisangura tuna mswala mzuri umekunjwa kabatini, unangoja Idi? Mimi wa kwanza. Nililetewa mmoja kutoka Makka, nauonea huruma kuutandika. Juzi kwenye tarawehe kijana mmoja alichelewa, akaswali nje kwenye saruji ya baridi. Nikaukumbuka ule wangu ulivyolala kwenye mfuko wa nailoni. Niliona haya.

Anas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliswali nyumbani kwao juu ya mkeka uliokuwa mweusi kwa kutumika sana. Ulinyunyiziwa maji tu, akasimama. Na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba nguo yenye marembo ilimvuta macho Mtume katika swala. Alipomaliza akaagiza ipelekwe kwa Abu Jahm, aletewe isiyo na marembo.

Kwa hiyo kuwa na kitu kizuri si kosa. Tatizo ni pale kinapokuvuta moyo ukiwa mbele ya Mola wako, au unapokihurumia kuliko unavyomhurumia ndugu yako aliye kwenye saruji.

Amali ya leo: toa mswala wako kabatini, uje nao. Ukimwona mwenzio hana, ugeuze upande, mpate wawili pa kuweka paji. Wangu utakuwa mlangoni leo usiku, atakayechelewa autumie.

Allah atutakabalie swaumu na sijda zetu. Aamiin. Tukutane Isha, in shaa Allah.