Gari Linaloyumba: Somo la Kutafuta Chanzo kwa Madarasa ya Juu

Mwalimu mwanafunzi anapofundisha mashine katika somo la sayansi, aghalabu huanza kwa kuchora na kutaja sehemu zake: huu usukani, hii ekseli, hii breki. Watoto huyakariri majina hayo upesi, na mwalimu huridhika. Lakini mtoto aliyekariri majina ishirini hajui bado la kufanya mashine inapoharibika. Katika makala hii tunapendekeza njia nyingine, nayo ni kuanza na kosa na kulifuata hadi kwenye chanzo chake.

Mfano wetu tuliupata kwa gharama. Gari letu ni Volkswagen ndogo ya zamani, ile yenye umbo la kobe, ambayo kiwanda cha mwisho huko Puebla, Mexico, kiliacha kuiunda mwaka 2003. Mjini lilikuwa tulivu. Katika barabara kuu, baada ya kupita Kibaigwa kuelekea Dodoma, lilianza kusumbua kila lilipokaribia kilometa 80 kwa saa. Tulimwendea fundi tukamwambia, "Gari linacheza." Akabadilisha viungo vya usukani, kisha shokapu, tukalipa mara mbili, na gari likaendelea kucheza. Kosa halikuwa la fundi peke yake. Neno "kucheza" tulilompa lilibeba makosa mawili, nasi hatukuwa tumeyatenganisha.

Hapo ndipo somo lianzie. Andika ubaoni, "Gari linacheza likienda kasi," kisha wanafunzi wamhoji mwenye gari, yaani wewe mwalimu. Linatetemeka, linatangatanga huku na huku, au linavuta upande mmoja? Ni katika mwendo wote au mwendo fulani tu? Dereva akiweka gia huru kwa mwendo uleule, hali hubadilika? Akikanyaga breki je? Usikubali jina la kifaa chochote kabla maswali haya hayajajibiwa. Watoto wa mafundi watakuwa na haraka ya kutaja boljointi. Hao wape kazi ya kuandika majibu.

Kwa gari letu, usukani ulitetemeka kati ya kilometa 75 na 90, ukatulia kidogo tulipozidi hapo. Gia huru haikubadili kitu, kwa hiyo injini haikuhusika. Tukahamisha magurudumu ya mbele yakawa nyuma, na ya nyuma yakawa mbele, bila kugusa kitu kingine. Mtetemeko ukatoka kwenye usukani, ukaja kwenye kiti. Kosa lilihama pamoja na magurudumu. Basi halikuwa katika vile viungo tulivyonunua. Gurudumu moja lilikuwa limedondosha risasi yake ya kusawazisha uzito.

Hesabu yafaa iingizwe hapa. Gurudumu la gari hili lina mzingo wa meta 2 hivi. Kilometa 80 kwa saa ni meta 22 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu huzunguka mara 11 kila sekunde. Gramu 50 tu zikizidi upande mmoja wa rimu, kwa mwendo huo huvuta kwa nguvu iliyo karibu sawa na uzito wa kilo 5, mara juu, mara chini. Mwendo ukipungua hadi nusu, nguvu hiyo hupungua hadi robo, ndiyo maana mjini hatukuhisi kitu. Darasani pindua baiskeli, funga kipande cha chuma kwa waya imara kwenye spoku za gurudumu la nyuma, karibu na rimu, uzungushe pedali polepole, kisha upesi. Wanafunzi wasimame ubavuni, kamwe wasisimame mbele wala nyuma ya gurudumu, maana waya ukikatika chuma kitaruka.

Tulidhani tumemaliza. Gari halikutetemeka tena, lakini lilitangatanga, hasa upepo ulipovuma kutoka ubavuni au lori lilipotupita. Hilo ndilo lililotutia hofu, kwa sababu nafasi kati ya gari na lori barabarani ni ndogo. Volkswagen hii hubeba injini nyuma, na karibu asilimia 60 ya uzito wake iko huko. Vitabu vyake vya miaka ya 1960 hutaka tairi za mbele zijazwe upepo paundi 16 hivi, na za nyuma 24. Tulipopima, zote nne zilikuwa na 30, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kuagiza kituoni. Tairi za mbele zikiwa ngumu kupita kiasi, huitikia kila msukumo mdogo wa usukani, na mkia mzito hauwahi kutulia. Tulipunguza upepo bila kulipa hata senti. (Mwanachuo asizipeleke namba hizi kwenye gari jingine, kila gari lina zake.)

Kwa jaribio la mwisho, wape wanafunzi gari linalokwenda sawa, ila huvuta kushoto pale tu breki inapokanyagwa. Waeleze wangeanza kutazama wapi, na kwa nini. Jibu la neno moja, "breki", lipate alama moja. Atakayesema apime kwanza upepo wa tairi mbili za mbele, kisha aifungue breki ya kulia aone kama inashika sawa na ya kushoto, apewe alama zote, hata kama amesahau jina la kifaa atakachokikuta humo.